Matangazo ya Shule Kwenye Kilio

Wenzangu mnaobaki na chaki mkononi, mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla hayajanitoka kichwani. Nilipandaje cheo na nililipwa nini, hayo nayaruka. La kwanza halina utamu, na la pili mkilisoma vizuri mtaacha kazi wiki hii hii. Nitawaandikia jinsi mkuu wa shule ya msingi alivyowapa wazazi habari za shule huku kwetu Kolwezi, maana hilo nilifundishwa na mtu aliyelijua. Nitawaandikia pia habari ya mwisho niliyowapa wazazi wa shule yangu, kwa sababu shule ile haipo tena, na kwa sababu ya mtoto mmoja wa darasa la sita ambaye habari ile ilimwangukia yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Shule ilikuwa nyuma ya mtaa wa Kapata, pale safu za nyumba za wafanyakazi zinapokwisha na vumbi jekundu linapoanza. Madarasa sita yalijengwa mstari mmoja, ukuta mmoja ukiushika mwingine, bati moja refu juu yao yote. Kengele yetu ilikuwa jante ya gurudumu la lori iliyofungwa kwa waya, na ilisikika kuliko kengele yoyote ya kununua. Nilifika pale nikiwa msichana mwenye diploma mpya na viatu visivyofaa kwa njia ile, nikapewa darasa la kwanza. Siku hiyo hiyo watoto wawili walinikojolea, mmoja kwa woga na wa pili, nadhani, kwa kusudi.

Mkuu wa shule alikuwa tata Ilunga, yaani mzee Ilunga. Watu wote walimwita Directeur, hata mke wake. Alikuwa mwembamba, na koti lake la suti hakulivua hata mwezi wa kumi, kabla ya mvua, wakati sisi wengine tulitamani kuvua ngozi. Wiki yangu ya kwanza alinipa kazi ya kuandika barua ya kuwaita wazazi kwenye mkutano. Nilijitahidi. Niliandika kwa Kifaransa changu kizuri kabisa, nikachapa kwa stensili, wino ukanipaka mpaka kwenye kiwiko, na kila mtoto akaondoka na karatasi yake. Jumamosi ya mkutano mimi na Directeur tulikaa kwenye madawati tukangoja. Alikuja mama mmoja tu, naye alikuwa anauza karanga. Nilinunua. Zilikuwa zimefungwa kwenye barua yangu.

Directeur hakucheka, na kwa hilo namshukuru hadi leo.

"Madame," aliniambia, "bazazi habasomake barua ya masomo. Si sababu habajui kusoma. Bengi banajua kunipita mimi. Ni sababu barua ya masomo inakuyaka na mubaya tu: mutoto anapiga mwenzake, mutoto anakosa soksi. Nani atafungua mubaya na mukono yake mwenyewe?"

"Sasa tutabaita namna gani, Directeur?"

"Ngojea muntu akufe."

Nilidhani ni mzaha wa mtu mzima ambaye amechoka. Lakini kabla mwezi haujaisha alifariki dereva mmoja mstaafu wa treni, na Directeur akaniambia nivae kitambaa cha kichwa nimfuate.

Kwetu kilio si kulia tu. Ni siku zile zote ambazo watu hukaa nyumbani kwa marehemu, wanaume kwenye viti na magogo kuuzunguka moto, wanawake kwenye mikeka, turubai likiwa limetandazwa juu. Kila mtu anafika. Asiyefika ataitwa mchawi au mwenye kiburi, na kati ya hayo mawili sijui lipi linasameheka. Wazazi wote waliozikwepa barua zangu walikuwa pale, wamekaa, hawana pa kwenda. Baada ya sala Directeur alisimama, akashika kofia yake kwa mikono miwili.

"Bandugu, pole. Tata huyu njo alitubebeaka mulango ya classe ya kwanza ku baiskeli yake, kutoka ku gare mupaka hapa. Mulango iko, inafungaka muzuri. Masomo iko na bitu mbili ya kusema. Siku ya ine ya juma banakuya kuchoma batoto sindano ya surua, musibafiche. Tena, mutoto akuye na kifagio, haina lazima ikuwe mupya."

Wajukuu wa marehemu, ambao kwa desturi wana ruhusa ya kutania hata mbele ya maiti, walimwuliza kama babu yao naye ataandikishwa darasa la kwanza. Directeur akawajibu kwamba nafasi ipo, ila aje na dawati lake. Watu walicheka, hata mjane alicheka kidogo, kisha wakaendelea kulia. Siku ya sindano watoto walikuja wote, na vifagio vilikuwa vingi mpaka tukakosa pa kuviweka.

Nilimfuata kwenye vilio vingi, na aliyonifundisha nawapa kama nilivyopewa. Simama baada ya sala na kabla ya bukari, yaani ugali, maana watu wakisha kula wanasinzia, na wakisha kunywa lutuku kila mmoja anakuwa mkuu wa shule. Usisimame upande wa wanawake wala upande wa moto wa wanaume. Anza na marehemu, useme jambo moja la kweli alilolifanyia shule. Kama hakufanya lolote, sema watoto wake hawakuchelewa. Kama walichelewa, mshukuru Mungu kwa maisha yake na uendelee. Habari ziwe mbili. Zikifika nne watu wanaanza kukohoa. Usimtaje mtoto mtukutu kwa jina, maana baba yake yuko pale na majirani wanamwangalia. Peleka unga au makaa, ukae na watu kabla ya kusema na ukae nao baada ya kusema, kwa sababu anayesema na kuondoka ni mwanasiasa. Na sema Kiswahili cha mdomoni. Kifaransa kiache shuleni kilindwe na mlinzi.

Directeur alikufa kwa ugonjwa wa kifua akiwa bado kazini. Tangazo langu la kwanza nikiwa mkuu nililitoa kwenye kilio chake mwenyewe. Nilisimama katikati, nikafungua mdomo, nikalia. Sikulia kwa heshima kama mkuu wa shule. Nililia kwa kelele, kamasi na yote. Wanawake wakanivuta mkekani. Habari za shule hazikutolewa siku ile, na hakuna mzazi aliyelalamika. Alikuwa baba yangu wa kazi na sikupata mwingine.

Halafu mawe meusi ya kobalti yakapanda bei. Hadithi hiyo mnaijua, ninyi mmekulia ndani yake. Vijana walikuja kutoka Kasai, kutoka Kivu, kutoka kaskazini ya Katanga, wakajaa kwenye mashimo mpaka kule Mashamba, na wazazi wetu wenyewe, makarani na mafundi wa jana, wakanunua nyundo na kamba. Mashimo yakaanza kuanguka, hasa wakati wa mvua. Vilio vikawa vingi. Zamani ningengoja wiki kadhaa kupata kilio cha kutolea habari ya likizo. Sasa kulikuwa na misimu ambapo nilichagua niende kipi. Habari za shule hazikuwahi kufika vizuri namna ile, na nilizichukia. Siku moja mama mmoja sokoni alinishika mkono akaniambia bila ubaya wowote, "Madame, ukipita na kile kitambaa yako nyeusi, bantu banaanza kuulizana: nani tena anakufa?" Nilirudi nyumbani nikakivua kitambaa, nikakaa nimekiangalia. Nilikuwa nimegeuka ndege wa mizoga mwenye cheti cha ualimu.

Sasa niwaeleze juu ya Banza.

Banza alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Alikuwa mtu mpana, mwenye kucheka, aliyefanya kazi ya kupakia malori kule Fungurume kabla ya kurudi kwao. Nyumba yake ilikuwa nyuma kabisa ya ukuta wa darasa la sita. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuwa na mwenyekiti bora kuliko yeye. Bati likipeperuka, alikuwa juu ya paa kabla sijamwita. Kwenye vilio alisimama baada yangu na kurudia habari za shule kwa sauti kubwa, kwa ajili ya wazee wasiosikia. Binti yake mkubwa, Esta, alikuwa wa kwanza darasani tangu darasa la pili, na baba yake alitembea na habari hiyo kila alikokwenda, akiwachosha watu.

Kama wengi, Banza alichimba uani kwake. Shimo lilikuwa chini ya turubai, kando ya jiko, na watu wa nyumbani walilizunguka wakienda kupika. Kazi ikiwa ndani ya ua wa mtu, mkuu wa shule hana neno.

Asubuhi moja Kazadi, mwalimu wa darasa la sita, aliniita. Alikuwa kijana mtulivu, asiye na makuu. Aliweka kipande cha chaki sakafuni, kikabingirika chenyewe hadi ukutani. Sakafu ilikuwa na ufa ambao wiki iliyopita haukuwepo. Kisha akawaambia watoto waandike imla, yaani dictée, darasa likanyamaza, na katika ukimya ule nikasikia nyundo ikigonga chini ya miguu yangu. Watoto hawakushtuka hata kidogo, waliendelea kuandika. Nikauliza, "Nani anapiga pale chini?"

Esta aliinua mkono, kama tulivyowafundisha.

"Ni papa, Madame."

Nilikwenda kwa Banza saa ile ile. Alitoka shimoni na vumbi kwenye kope, akanipa kiti, akaagiza niletewe munkoyo. Nilikataa kunywa, na kwetu kukataa kinywaji si jambo dogo.

"Tata Banza, uko chini ya batoto. Uko chini ya mutoto yako mwenyewe."

"Madame, si mimi naenda kule. Ni jiwe njo inaenda. Inaanza hapa, nyembamba sawa kidole, kila siku inaongezeka. Muntu anaacha jiwe yenye kuongezeka?"

"Na sakafu ikianguka?"

"Haitaanguka. Mi naweka miti. Mi niko fundi." Kisha aliniangalia usoni, akaona sikucheka, akashusha sauti. "Bon, Madame. Sababu ni weye. Nitageuka."

Kwenye kilio kilichofuata nilitoa habari moja tu: chini ya shule pasichimbwe. Wote wakaitika. Banza akasimama baada yangu, akarudia, akawaonya wenye tamaa, akasema shule ni macho ya watoto wetu. Alisema vizuri kuliko mimi. Jumatatu yake, wakati wa imla, nyundo ikapiga. Sikuamini kwamba alinidanganya, na hata leo siamini. Nadhani aliposimama pale alisema la moyoni, na aliposhuka shimoni akaliona jiwe.

Niliandika ofisi ya elimu. Barua yangu nadhani nayo ilifunga karanga mahali fulani. Basi mimi na Kazadi tulifanya tuliloweza: tuliwatoa watoto wa darasa la sita, tukawaweka chumba cha darasa la tano, la tano wakasoma asubuhi na la sita mchana. Madawati ya darasa la sita tuliyaacha mle ndani, tukafunga mlango. Kama kuna jambo moja katika kazi yangu ambalo nalishukuru kila ninapolala, ni mlango ule.

Sakafu ilianguka katikati ya msimu wa mvua, mchana, watoto wakiwa uwanjani wakingoja kuingia. Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu anayetua gunia la unga chini. Vumbi likatoka chini ya mlango tuliokuwa tumeufunga. Nilipochungulia dirishani, sakafu ilikuwa imezama katikati na madawati yameinamiana. Wanaume wawili waliochimba na Banza walitoka kwenye shimo la uani wakiwa wekundu kwa tope, wakikohoa. Banza alikuwa amebaki ndani, mbele zaidi, upande wa jiwe. Esta alisimama na begi lake mgongoni, akawaangalia wale wawili, akaendelea kuangalia nyuma yao.

Wachimbaji wenzake walijaribu kumfikia Banza kupitia shimo la uani. Maji yalikuwa yamejaa njia, na miti aliyoiweka ilikuwa imevunjika. Kila aliyeshuka alirudi akitikisa kichwa. Walipoacha kushuka, tulijua kwamba amekufa.

Kilio huwekwa palipo na maiti. Maiti ilikuwa chini ya darasa la sita, kwa hiyo kilio kikawekwa shuleni. Turubai lilifungwa kutoka mlingoti wa bendera hadi kwenye dirisha la darasa la tano, wanawake wakatandika mikeka pale watoto wanapoimbia asubuhi, wanaume wakatoa madawati nje wakakalia. Sikuwa na haja ya kwenda popote kutoa habari. Kilio kilikuwa kimenifuata kazini.

Shida ikaja mara moja. Ili kumtoa ilibidi darasa la sita libomolewe na kuchimbwa kutoka juu, na kwa kuwa kuta zilishikana, madarasa mengine yangefuata. Mchungaji alisema tumwombee pale pale, tujaze udongo, tuweke msalaba, shule iendelee. Wazazi wengi wakakataa. Mtoto hawezi kujifunza hesabu juu ya mtu asiyezikwa. Usingizi wake utaharibika, na nani atamwosha? Wengine wakasema kubomoa shule ni kuwaua watoto mara ya pili. Waliongea mpaka bukari ikapoa. Mke wa Banza, ambaye sote tulimwita mama Esta, alikuwa amekaa na kitenge kichwani. Ndipo akasema.

"Mi sitaki bwana yangu alale chini ya madawati, sawa kitu yenye kupotea. Alikuwa na jina. Bamutoshe mule chini, bamuoshe, tumuzike."

Kisha mzee mmoja akageuka kwangu. "Madame, masomo ni yako. Sala inaisha. Sema."

Nilisimama katikati, kama nilivyofundishwa. Nilikuwa na madarasa sita niliyoyafanyia kazi maisha yangu yote, na mama mmoja aliyetaka kumwosha mume wake. Nilimsema Banza kwanza: kwamba alipanda paa letu kila lilipovuja, kwamba hakuna mzazi aliyeipenda shule kama yeye. Ilikuwa kweli, na hakuna aliyetabasamu.

"Bandugu, masomo iko na habari moja. Kesho hatutafundisha. Kila muzazi mwenye pele ya kuchimbia udongo akuye nayo. Tunamutosha."

Walikuja, akina baba na akina mama, hata wale ambao sikuwahi kuwaona uwanjani kwangu tangu siku ya kuandikisha. Waliteremsha bati kwa adabu, wakalilaza. Walitoa matofali kwa mikono, wakiyapokezana, na ukuta wa darasa la tano ulipoanza kupasuka mtu aliniangalia, nikamwambia aendelee. Walimfikia jioni jua likiwa bado lipo. Walimtoa akiwa amekunja mikono mbele ya uso. Mama Esta alimpangusa tope usoni kwa kitenge chake mwenyewe kabla hajamruhusu mtu yeyote kumbeba.

Lakini nilikuwa nimesimama ukingoni, na niliona walichokiona wanaume waliobaki chini. Pale alipokuwa amelala, pembeni mwa mikono yake, jiwe jeusi lilipita kwenye udongo, nene kama paja la mtu. Wote waliliona. Walipanda mmoja mmoja, wakaosha mikono, wakamfuata maiti.

Tulimzika kesho yake. Niliomba shimo lijazwe. Wakaitika, "Eyo, Madame." Asubuhi iliyofuata nilikuta kamba mpya imefungwa kwenye mlingoti wa bendera, inashuka ndani.

Madarasa yaliyobaki yalikuwa na nyufa za kuingiza mkono. Watoto wakagawanywa kwenye shule nyingine upande wa mjini, Kazadi akafuatana na wa darasa la sita, na mimi nikabaki na jante ya lori na funguo za milango isiyofungwa. Nilikasirika, si kwa Mungu wala kwa mawe. Niliwakasirikia watu wangu, na bado nawapenda, na yote mawili yananichosha.

Kabla ya siku ya kumaliza kilio, mama Esta alinijia nyumbani.

"Madame, batu banapigana pa shimo. Bandugu ya bwana yangu banasema ni yabo. Bageni banasema ni ya mwenye kushuka wa kwanza. Munajua namna inakuwaka: shimo ni ya mwenye kuifungua, akikufa ni ya batoto yake. Banajua, mais banajifanya habajui. Weye ukisema, batasikia. Useme ku kilio ni ya Esta na badogo yake."

"Mama Esta, ile si shimo. Ni classe ya sita."

"Ilikuwaka."

"Na Esta je? Eko karibu na examen. Akikuwa na shimo, atasoma namna gani?"

Hakukasirika. Aliniangalia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia mgonjwa. "Batakula nini, Madame? Dictée?"

Kama nisingesema, watoto wa Banza wangenyang'anywa kitu pekee alichowaachia, na shule isingerudi kwa sababu ya ukimya wangu. Siku ya kumaliza kilio, baada ya sala na kabla ya bukari, nilisimama nikatangaza kwamba shimo ni la Esta na wadogo zake. Watu wakaitika. Safari hii waliitika na kufanya. Wageni waliondoka, na baba wadogo wakakubali kuchimba kwa niaba ya watoto. Miaka yote ile niliwaomba wazazi mambo mema, nao wakanitii kwenye hili.

Siku ya mtihani wa mwisho wa darasa la sita nilikwenda kwenye ile shule ya mjini kuwatia moyo watoto wetu. Kazadi alinikuta langoni. "Madame, Esta hako." Nilipanda pikipiki, nikarudi Kapata.

Nilimkuta pale. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mdomoni mwa shimo, katika sare yake ya shule, begi likiwa magotini, akiangalia kamba. Mama yake alikuwa mtoni anaosha mawe. Chini baba wadogo walikuwa wanachimba.

"Esta, leo ni examen."

"Najua, Madame. Nilivaa." Alizungusha macho kwa vijana waliokaa mbali kidogo kwenye matofali yetu. "Mais nikitoka hapa, bale batashuka. Banangojea vile tu. Mulibaambia ni yetu, banatuogopa kama tuko."

Nilimtoa kwenye kiti. Nilimwambia apande pikipiki iliyonileta, nikamwambia dereva asisimame popote. Alisita, akaangalia shimo, akaniangalia mimi.

"Enda. Mi nitaikala."

Nilikaa. Vijana wale walinisalimia kwa heshima, "Madame, jambo," wengine niliwafundisha kusoma mimi mwenyewe, na hakuna aliyesogea. Magunia yalipanda, nikayaangalia yakipanda, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya mwenye kiti. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na paa. Nililia kidogo, nikanyamaza.

Esta alirudi mchana akiwa na wino kwenye vidole. Nilimwuliza mtihani ulikuwaje.

"Ilikuwa mwepesi, Madame," akasema. Akavua begi, akasimama kando yangu, akangoja ninyanyuke kwenye kiti.